Mgema hakusifiwa, na bado kaondoka

SWALI: Habari za kazi. Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Tanga, huu ni mwaka wa 14. Mwezi uliopita kijana wangu wa kaunta kaniaga. Alipokuja kwangu hakujua hata kutofautisha nondo ya milimita 10 na ya 12. Nikamfundisha mwenyewe, na ndani ya miaka 6 akawa anasoma ramani ya nyumba na kukutajia idadi ya mabati bila kukosea. Mafundi walikuwa wanampigia simu yeye, si mimi. Nilimlipa shilingi 550,000 kwa mwezi wakati majirani wanalipa 350,000 au 400,000. Tunafungua saa 2 asubuhi, tunafunga saa 12 jioni, Jumatatu hadi Jumamosi, halafu kuna nusu saa ya kufunga hesabu. Mwanzoni mwa mwaka aliomba nyongeza, nikamwambia biashara ngumu, na kweli ni ngumu. Mwezi wa 3 mtoto wa mdogo wangu alimaliza chuo, nikamweka awe msimamizi wa duka. Mwezi wa 9 kijana akaleta barua. Kaenda duka lingine hapa hapa mjini, na nasikia mshahara ni ule ule. Nilipomuuliza kulikoni akasema, “Mama, nimechoka tu.” Sijawahi kumtukana wala kumchelewesha mshahara. Ni kweli mimi si mtu wa kusifia watu. Wazee walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Je, hizi ni fadhila za punda, au kuna kitu sikukiona? Nina binti wa hesabu, mzuri kuliko wote, na siku hizi namwona kanyamaza. Naogopa.

JIBU: Dada yangu, pole sana. Mtu aliyelijua duka lako kama mkono wake hapatikani kwa tangazo la mlangoni.

Fadhila za punda sizioni hapa. Anayefuata pesa huenda penye pesa zaidi. Huyu kakubali mshahara ule ule, kaacha mazoea ya miaka 6, kaanza upya kwa bosi asiyemjua. Kuna kitu alikuwa anakikimbia, na kitu chenyewe umekiandika kwa mkono wako, kwa sentensi moja, ukapita: “Mwezi wa 3 mtoto wa mdogo wangu alimaliza chuo, nikamweka awe msimamizi wa duka.”

Nimefanya kazi ya utumishi, hii ambayo siku hizi tunaiita rasilimali watu, kwa miaka 23, sehemu kubwa Dar es Salaam. Barua za kuacha kazi zilizopita mezani kwangu sizihesabu. Karibu zote husema “sababu za kifamilia”, “kujiendeleza kimasomo”, au uchovu kama huo wa kijana wako. Mtu anayeondoka anataka alipwe stahiki zake kwa amani, anataka usimharibie huko aendako, na juu ya hayo kwetu si adabu kumwambia mkubwa aliyekulea kikazi kwamba amekuumiza. Anakuita Mama. Ulitaka akuambieje?

Mwaka 1994 watafiti wawili wa Marekani, Thomas Lee na Terence Mitchell, walitoa nadharia ambayo imenisaidia sana kuzisoma barua za namna hii. Walisema si kila anayeondoka alianza kwa kuichukia kazi kidogo kidogo. Wengi hupatwa na tukio moja linalowashtua, na mshtuko huo ndio unaowafanya wakae chini na kujiuliza swali ambalo walikuwa hawajajiuliza: hivi mimi hapa ni nani? Tukio lenyewe linaweza kuwa dogo machoni pa mwajiri. Mara nyingi mwajiri halikumbuki kabisa.

Mtazame kijana wako mwezi wa 3. Miaka 6 yeye ndiye anayefungua mzigo, anayejua fundi gani akikopa analipa na yupi anakimbia, anayejua ni bati za geji gani zinatoka msimu wa mvua. Asubuhi moja anakuja mtu mwenye cheti na undugu, na nina hakika, nisahihishe kama nimekosea, ulimwambia kijana wako amwelekeze kazi. Akawa anamfundisha bosi wake. Mchana anaulizwa na msimamizi bei ya misumari, jioni anamwomba msimamizi huyo huyo ruhusa ya kwenda hospitali. Hukumtukana, ni kweli. Lakini ulimjibu swali ambalo hakuwa amekuuliza: hata ukikaa hapa miaka 20, mwisho wako ni hapo kwenye kaunta.

Sisemi umfukuze mpwa wako. Ndugu lazima tuwasaidie, na duka ni lako. Ninachosema ni kwamba siku ile kulikuwa na mazungumzo ambayo hayakufanyika. Ungemwita kijana kabla, peke yake, ukamwambia: nina mzigo wa familia, nitamweka huyu hapa, lakini manunuzi na mafundi vinabaki mikononi mwako, na yeye hatakuamuru katika hayo. Nusu saa tu. Nadhani mngekuwa naye hadi leo.

Sasa nije kwenye mshahara, kwa sababu najua umeushikilia kama ushahidi wako mkubwa. Unampima kwa maduka ya jirani. Yeye hakujipima huko. Mwaka 1963 mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, John Stacy Adams, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya General Electric, alieleza kwamba mfanyakazi hupiga hesabu mbili: anachotoa na anachopata, kisha huzilinganisha na za mwenzake. Na mwenzake wa kwanza ni yule aliye ubavuni pake, anayemwona kila siku. Kuanzia mwezi wa 3, wa ubavuni alikuwa mpwa wako. Hukuniambia analipwa kiasi gani. Kijana wako, niamini, alikuwa anajua.

Halafu kuna hesabu nyingine, na hii nakuomba uipige nami taratibu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki. Duka lako linafunguliwa saa 10 kwa siku. Nikitoa saa moja ya chakula, kama kweli huwa anaipata bila kuitwa kaunta, zinabaki 9. Mara siku 6 ni saa 54. Ongeza nusu saa ya hesabu kila jioni, zinakuwa 57. Saa 12 za ziada kila wiki, na sheria inataka kila saa ya ziada ilipwe mara moja na nusu ya saa ya kawaida. Kwa mshahara wa 550,000, ukigawa kwa wiki nne na theluthi za mwezi na kwa saa 45, saa yake moja ni kama shilingi 2,820. Saa ya ziada ni kama 4,230. Kwa mwezi ana saa za ziada kama 52. Hizo ni karibu shilingi 220,000 ambazo, kwa jinsi ulivyoniandikia, hazikuwahi kuonekana popote.

Sidhani ulimdhulumu kwa makusudi. Maduka mengi mjini yanaendeshwa hivyo hivyo, na wenye maduka wengi hawajawahi kuisoma sheria hiyo. Nimeileta kwa sababu wewe uliamini unamlipa juu ya wenzako, kwa hiyo ukaona umeshamshukuru kwa mshahara, na neno la mdomo halina haja. Yeye aliona jioni zake zinaondoka bila bei na bila neno. Kwanza mpe mtu haki yake. Shukrani huja juu ya haki, haiwezi kukaa mahali pake. Vivyo hivyo michango ya NSSF, mkataba wa maandishi na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Kama kwa binti wa hesabu kuna kinachopungua hapo, anza nacho kabla hujafungua mdomo kumsifia.

Na lile la “biashara ngumu”. Mwaka 1990 Jerald Greenberg alichapisha utafiti kutoka viwanda vitatu vya kampuni moja huko Marekani. Viwili vilikata mishahara kwa asilimia 15 kwa wiki 10, kimoja hakikukata. Katika kiwanda kimoja kati ya vile viwili, wakubwa waliwakalisha wafanyakazi, wakawaonyesha hali ilivyo, wakajibu maswali na kuonyesha kwamba inawauma. Katika kingine waliarifiwa kwa maneno machache na kuachwa. Wizi wa vifaa uliongezeka zaidi sana katika kile kilichoarifiwa kwa kifupi, na wengi zaidi wakaacha kazi huko. Pesa iliyokatwa ilikuwa sawa. Kijana wako hakuiba, kaondoka na heshima yake. Lakini hebu fikiri alivyolisikia neno lako: mwezi wa 1 biashara ni ngumu, mwezi wa 3 kuna mshahara wa msimamizi mpya. Ungemfungulia daftari ukamwonyesha saruji imekaa stoo muda gani na madeni ya nje ni kiasi gani, hata bila kumwongeza shilingi moja, angetoka pale akijua anaaminiwa. Naye ndiye aliyeyajua madeni hayo kuliko wote.

Sasa mgema. Nimeusikia msemo huu kwa mabosi wengi, na sitaki kuupuuza, kwa sababu waliousema hawakuwa wajinga. Wewe uko Tanga, minazi unaiona. Mgema hupanda asubuhi na hupanda tena jioni, na kibuyu chake na kotama yake, na huko juu hakuna anayemwona. Walevi wa chini wanaonja, wanapiga makofi: tembo tamu, wewe ndiye mgema. Wanaongezeka, tembo haitoshi, anaongeza maji. Waliomsifu walikuwa wanywaji, hawakujua chochote kuhusu mnazi wala kisu. Walisifia jina lake. Na baada ya kumsifu waliacha kuonja kwa makini. Wazee walituonya juu ya sifa ya namna hiyo, ile ya jumla, inayompa mtu ukubwa na kumwondolea macho ya watu.

Kijana wako macho ya watu alikuwa nayo kila jioni, ulipokuwa unahesabu naye hadi senti. Alikaguliwa miaka 6. Kilichokosekana ni upande wa pili wa ukaguzi: kwamba jicho lile lile linaloona shilingi 2,000 zimepungua, lione pia kwamba leo kamrudisha fundi aliyetaka kununua nondo nyembamba kwa ajili ya nguzo, akamweleza, na ghorofa ya mtu ikapona. Ukiwa unaona makosa peke yake, mtu hukata tamaa ya kufanya mema ambayo hayana risiti.

Na sisi watu wa pwani tuna mila inayotufundisha jambo hili vizuri kuliko semina zote nilizohudhuria. Kwenye taarabu, mwimbaji akifika ubeti uliokugusa, unainuka, unakwenda mbele za watu, unamtuza. Neno tuzo limetokana na kutuza. Humtuzi kesho yake. Humtuzi kwa wimbo mzima, unamtuza kwa ule ubeti, na kila aliyeko ukumbini anajua ni upi. Hakuna mwimbaji aliyeharibika sauti kwa kutuzwa hivyo. Anaurudia ubeti ule kwa nguvu zaidi.

Dukani ni hivi hivi. “Wewe ni hodari sana” ni sifa ya mgema. “Jana ulivyogundua zile bati 12 zimepinda kabla gari halijaondoka, umeniokoa na aibu kwa yule mteja wa Pongwe” ni tuzo. Ya pili haiwezi kumtia mtu kiburi, kwa sababu imefungwa kwenye kazi aliyoifanya, na inaonyesha ulikuwepo, unajua thamani ya alichofanya. Itamke mbele ya wapakiaji na dereva, siku ile ile. Hata kama si mtu wa maneno mengi, sentensi moja kama hiyo unaiweza.

Nikuambie kwa nini jambo hili linanikaa moyoni. Miaka mingi iliyopita, kwenye kiwanda kimoja, mashine kubwa iliharibika usiku wa kuamkia Idd. Fundi umeme wetu, Mwislamu, aliacha nyumba yake akaja, akakaa nayo hadi alfajiri ikawaka. Baada ya sikukuu ilitoka taarifa kwa wafanyakazi wote: “Uongozi ulifanikiwa kurejesha uzalishaji kwa wakati.” Mimi ndiye niliyeiandika. Niliandika kama tulivyozoea kuandika, wala sikufikiri. Miezi 8 baadaye akaacha kazi, sababu za kifamilia. Nilikutana naye stendi mwaka uliofuata, nikamuuliza tena, sasa akiwa hana cha kuogopa. Akasema, “Watoto wangu waliswali Idd bila mimi. Nilitaka tu jina langu liwepo pale.” Kiwanda kilileta fundi kutoka nje, kikamlipa mara mbili, na mashine ile haikumsikia kama ilivyomsikia yule. Tangu siku hiyo siandiki neno “uongozi” mahali penye jina la mtu.

Usije ukatafuta njia ya mkato ya zawadi. Mei Mosi kila mwaka tunagawa vyeti na bahasha za mfanyakazi hodari, na nimeshakaa kwenye kamati hizo. Zikiwa za kweli zina uzito. Lakini kwenye ofisi nyingi zimekuwa za zamu: mwaka huu idara hii, mwakani ile, na kila mtu anajua. Hodari wa kweli akipewa cheti cha zamu anaumia kuliko asingepewa kitu. Duka lako lina watu wachache. Huna haja ya kamati.

Twende kwa binti, maana huyo bado yupo. Umesema kanyamaza. Kabla hajanyamaza alikuwaje? Alikuwa anabishana nawe kuhusu risiti, anakuambia huyu usimkopeshe, analalamika mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti, inasumbua? Kama ndivyo, ukimya huo uuchukulie kwa uzito. Mwaka 1970 mchumi Albert Hirschman aliandika kwamba mtu asiyeridhika mahali ana njia mbili kubwa, kusema au kuondoka, na moja ikizibwa huangalia nyingine. Mfanyakazi anayekulalamikia bado anaamini mahali pako panaweza kutengenezwa. Yule aliyeacha kulalamika mara nyingi ameshaanza kuuliza nafasi kwingine.

Mkalishe wiki hii. Mpwa wako asiwepo, na isiwe jioni ya kufunga hesabu. Mwambie wazi kwamba kuondoka kwa mwenzake kumekufanya ujitazame. Muulize kitu gani hapa kikitokea tena kitamfanya aondoke, na ni kazi gani anaifanya ambayo anahisi huioni. Kisha nyamaza, hata kama kimya kitakuwa kirefu. Usijitetee. Akisema “mpwa wako anabadilisha hesabu zangu bila kuniuliza”, usiseme “lakini yule bado mgeni”. Andika. Usimwambie kwamba nyinyi ni kama familia. Amekwisha kuona familia inapata nini na wasio familia wanapata nini. Na usiahidi makubwa. Chagua jambo moja alilolisema, ulimalize kabla ya Jumamosi, aone. Kama ni saa za ziada, zilipe kuanzia mwezi huu. Kama ni mipaka na mpwa, iandikwe: nani anaamua nini. Mpwa wako naye atakushukuru, kwa sababu kusimamia watu wanaokudharau kimya kimya ni kazi chungu kwa kijana aliyetoka chuo jana.

Inawezekana pia akakuambia ameshapata kazi kwingine. Basi mpokee neno lake, mpe baraka zako, na umwombe siku zake 28 za notisi amfundishe mwingine. Hata hapo hutakuwa umepoteza muda, maana waliobaki watakuwa wanatazama unamwagaje.

Kuhusu aliyekwisha kuondoka: usimfuate kumrudisha sasa, na usimseme vibaya kwa mafundi. Watamfuata baadhi yao, hilo likubali. Piga hesabu ya likizo zake. Kama kuna siku ambazo hakuzichukua, sheria inataka alipwe anapoondoka, na inataka umpe cheti cha utumishi. Wengi hawakitoi mpaka waombwe mara tatu. Wewe kiandike vizuri, na pamoja nacho uandike barua fupi kwa mkono wako, utaje mambo mawili au matatu aliyoyafanya katika miaka 6 ambayo wewe na yeye tu ndio mnayajua. Tunasema kushukuru ni kuomba tena. Safari hii usiombe chochote. Usimtume dereva. Nenda mwenyewe asubuhi, wateja hawajajaa, na ukimkuta yuko kaunta na fundi, subiri pembeni amalize kumhudumia.